Leseni ya kuvuta tela la farasi: je, daraja E la Tanzania linatosha Ujerumani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Kisesa hapa Mwanza. Nilisoma diploma ya mifugo LITA, kampasi ya Mabuki, na sasa naendesha Hilux ya shamba la ng'ombe wa maziwa. Nina leseni daraja B na D, na hiyo D inatimiza miaka 3 mwezi ujao. Nimepata nafasi ya mafunzo ya kazi ya farasi Ujerumani, karibu na mji wa Verden, naondoka mwakani. Mwenye banda ameniandikia kwamba kabla mwaka wa kwanza haujaisha anataka niwe na leseni ya BE, nivute tela la farasi wawili. Nikipandisha leseni yangu kwenda E hapa Mwanza kabla ya kuondoka, itakubalika kama BE? Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema mtihani wa tela ulishafutwa, nisihangaike. Na kuna chochote ninachoweza kujifunza nikiwa hapa hapa? Farasi nimewaona kwenye picha tu, mimi ni mtu wa punda.

Jibu: Marahaba binti yangu, na hongera sana. Nafasi hiyo si ndogo. Verden ndiko makao ya chama cha wafugaji wa farasi aina ya Hannover, na minada yao inavuta wanunuzi kutoka nchi nyingi. Nilifanya kazi za mabanda upande huo wa jimbo la Niedersachsen kabla ya kurudi Mwanza kufundisha udereva, kwa hiyo swali lako nalijua kwa pande zote mbili.

Usipandishe leseni kwa ajili ya safari hii. E ya Tanzania haigeuzwi kuwa BE ya Ujerumani, na hata hiyo B yako haigeuzwi kuwa B yao bila kufanya mitihani upya. Kama una mpango mwingine wa E hapa nyumbani, kwa mfano kuendesha Fuso la shamba, hilo ni shauri jingine. Kama sababu ni Verden tu, hela hiyo ipeleke kwenye darasa la Kijerumani na kwenye mazoezi ya kurudi nyuma na tela. Hivyo viwili vitakusaidia kuliko herufi mpya kwenye kadi.

Sababu ni hii. Leseni zetu zimegawanywa kwa aina ya gari na kazi yake. B ni magari ya kawaida yasiyo ya biashara. D inaongeza ya biashara, bila makubwa wala ya abiria. E inaingiza makubwa, ndiyo maana inadai uwe umekaa na D miaka 3, na familia ya C ni ya wabeba abiria. Ujerumani na nchi zote za Umoja wa Ulaya wanagawanya kwa kilo. Kwao herufi E haisimami peke yake. Inabandikwa nyuma ya nyingine kuonyesha kwamba mwenye leseni anaruhusiwa kuvuta tela zito. BE ni dereva wa gari dogo mwenye tela zito, CE ni dereva wa lori mwenye tela. Ofisa wa kule akiona E kwenye kadi ya Tanzania hatasoma unachotaka asome.

Binamu yako naye hakukudanganya. Uingereza ilifuta mtihani huo kuanzia tarehe 16 Desemba 2021, na tangu hapo mwenye leseni ya gari dogo anavuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Lakini hiyo ni sheria ya Uingereza, na inawahusu wenye leseni ya Uingereza. Ukivuka kwenda Bara la Ulaya unakuta utaratibu ule wa kilo bado umesimama.

Sasa kaa na kalamu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea, Wajerumani wenyewe wakiwemo.

Kwa leseni ya B peke yake, gari lako lisizidi uzito ulioruhusiwa wa kilo 3,500. Nyuma yake unaweza kufunga tela dogo lisilozidi kilo 750. Tela likizidi 750, unaruhusiwa mradi tu uzito ulioruhusiwa wa gari ukijumlishwa na wa tela usivuke 3,500. Juu ya hapo kuna nyongeza iitwayo B96: jumla inapanda hadi 4,250. Nyongeza hii haina mtihani. Ni mafunzo ya saa 7 tu, sehemu darasani, sehemu kiwanjani, na saa moja barabarani. Juu yake ndiyo BE, inayokuruhusu kuvuta tela la hadi kilo 3,500 nyuma ya gari la B.

Tuchukue tela la kawaida la farasi wawili. Likiwa tupu lina kilo kama 900, na kwenye kibati chake imeandikwa kwamba likishajaa linaruhusiwa kufika 2,400. Farasi wa Hannover aliyekomaa ana kilo 600 au zaidi kidogo. Wawili wanakula 1,200 hadi 1,300, na matandiko, maji na wavu wa majani vinamalizia nafasi iliyobaki. Gari linalovuta lina uzito ulioruhusiwa wa kilo 2,600. Jumlisha 2,600 na 2,400 unapata 5,000. Imevuka 3,500 na imevuka 4,250, kwa hiyo mwenye banda yuko sahihi: ni BE. Kama angekuwa na gari la 2,200 na tela jepesi la 2,000, jumla ingekuwa 4,200 na B96 ingetosha, bila mtihani na kwa hela pungufu. Muulize kabla hujaondoka akutumie picha ya karatasi za gari na za tela. Swali hilo halitamkera. Litamwonyesha kwamba anampokea mtu anayejua anachokifanya.

Angalia sana neno "ulioruhusiwa". Kwa upande wa leseni, kinachohesabiwa ni uzito wa juu ulioandikwa kwenye karatasi, si uliopo kwenye mzani siku hiyo. Tela la 2,400 likiwa tupu kabisa, umelipeleka kwa fundi kubadilisha taa, kwa leseni linahesabiwa 2,400. Ukilivuta na B tupu, umeendesha bila leseni, na kosa hilo Ujerumani ni la jinai.

Kwa upande wa uwezo wa gari mambo yanageuka. Kwenye karatasi ya usajili ya Ujerumani kuna kisanduku O.1, kimeandikwa kilo ambazo gari linaruhusiwa kuvuta tela likiwa na breki zake, na O.2 ni kwa tela lisilo na breki. Hapo kinachohesabiwa ni uzito halisi wa siku hiyo. Kama O.1 inasema 1,800 na nyuma una tela la 900 lenye farasi mmoja wa 600, una 1,500, uko salama. Mpakie na wa pili, unafika 2,100 na umekosea, hata kama BE yako haina doa. Mabosi wengi wanaangalia leseni ya kijana wakasahau kisanduku hiki. Kiangalie mwenyewe, kwa sababu trafiki akikusimamisha atakayekuwa ameshika usukani ni wewe.

Kuna na kipimo cha tatu: uzito unaokandamiza ule mpira wa chuma nyuma ya gari. Gari lina kikomo chake na tela lina chake, na kinachofuatwa ni kilicho kidogo. Ukiwa mdogo mno, tela linainua pua na kuanza kuchezacheza kwenye mwendo. Ukizidi, nyuma ya gari inakaa chini, matairi ya mbele yanapungukiwa mshiko, na taa zinamulika miti.

Tuje kwenye karatasi zako wewe. Ukishahamia Ujerumani, leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha kwa miezi 6 tangu siku unayoanza makazi. Kimataifa tunapata kibali cha kuendeshea nje kupitia AAT, chama cha magari cha Tanzania. Kichukue kabla ya kuondoka na ukibebe pamoja na kadi yenyewe, maana kibali bila kadi si kitu. Kibali hicho hakiongezi hata siku moja kwenye ile miezi 6. Miezi ikiisha, kuendesha kwa kadi ya Tanzania kunahesabika kama kuendesha bila leseni, na wewe ukiwa mgeni mwenye kibali cha mafunzo hutaki jambo la polisi kwenye faili lako.

Ndani ya miezi hiyo utajaribiwa. Atatokea mtu bandani akuambie, "Si una leseni? Lisogeze hilo tela mpaka kijiji cha pili." Usikubali. Endesha gari dogo kadiri unavyoruhusiwa, lakini tela zito usiliguse barabarani mpaka BE iwe mkononi. Ndani ya uzio wa shamba, mwenyewe akiridhia, jizoeze utakavyo.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ujerumani inabadilisha leseni zake kwa kuangalia kadi tu. Kwa jirani zetu wa kusini, Namibia na Afrika Kusini zimo, sisi hatumo. Lakini una nafuu moja ambayo wageni wengi wanauziwa kama vile haipo: kwa kuwa tayari una leseni halali ya nchi yako, hulazimiki kumaliza idadi ya masomo ambayo anayeanza kabisa lazima aimalize. Unalazimika kufaulu mtihani wa nadharia na wa barabarani, na wa barabarani unafanywa kwa gari la shule na mwalimu akiwa ndani. Masomo mangapi unahitaji kabla ya hapo ni makubaliano yako na shule. Shule ikikuambia lazima ulipie mpango mzima kama asiyewahi kushika usukani, taja kwa heshima kwamba unakuja na leseni ya nje, na wakiendelea tafuta nyingine. Mjerumani anayeanza sifuri hulipa kwa kawaida zaidi ya euro 2,000, kwa hiyo nafuu hii ni hela ya maana.

Ombi linapelekwa ofisi ya leseni ya wilaya unakoishi, likiwa na picha ya pasipoti, cheti cha kupimwa macho, cheti cha kozi ya huduma ya kwanza ya siku moja, na leseni yako. Usingoje mwezi wa tano. Ofisi hizo huchukua wiki nyingi, na tarehe za mitihani hazipatikani kesho yake. Ukishajiandikisha makazi, wiki ya pili nenda kaombe. Jua pia kwamba siku wanapokukabidhi kadi ya Kijerumani wanachukua ya Tanzania, kwa hiyo piga nakala zake mapema.

Nadharia ina maswali 30, na pointi za makosa zisizidi 10. Unaweza kuyafanya kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na lugha nyingine kadhaa, Kiswahili hakimo. Kwa Mtanzania aliyesoma diploma kwa Kiingereza, yafanye kwa Kiingereza bila aibu. Barabarani ni tofauti: mtahini anatoa maelekezo kwa Kijerumani na hakuna mkalimani. Huhitaji kuongea naye habari za dunia. Unahitaji kusikia kushoto, kulia, geuza, egesha, simama, na uyasikie ukiwa na wasiwasi.

Utakachoangukia, kama hukukijua, ni mambo mawili. Kwanza, kwenye njia panda isiyo na alama yoyote, anayetoka kulia kwako anapita kwanza. Si mwenye gari kubwa, si mwenye barabara pana, si aliyepiga honi. Mitaa ya makazi ya kule imejaa njia panda hizo, na mtahini anakupeleka huko makusudi. Pili, kabla ya kukata kona au kubadilisha njia, lazima ugeuze kichwa uangalie juu ya bega. Sisi Mwanza tunaendesha kwa saitimira na kwa masikio. Kule kichwa kisipogeuka, unafeli, hata kama hapakuwa na mtu. Jambo la kuendesha upande wa kulia lenyewe unalizoea upesi. Wiki mbili tatu zinatosha. Na mtihani ufanye kwa gari la gia za mkono, usije ukaandikiwa otomatiki peke yake, maana magari ya mabandani hayachagui.

B ikishapatikana, BE ni fupi. Haina mtihani wa nadharia. Masomo ya lazima ni safari 5: 3 nje ya mji, 1 barabara kuu ya mwendo kasi, na 1 usiku. Mtihani unakutaka ukague gari na tela, ufunge na kufungua tela mwenyewe, urudi nyuma ukiliingiza kona ya kushoto, kisha uendeshe mjini na nje ya mji. Mwendo na tela ni kilomita 80 kwa saa nje ya mji, hata kwenye ile barabara kuu ambako wenzako wanapita kama upepo. Ukiona tela lina kibandiko cha 100, hilo limekidhi masharti maalumu, mojawapo ni matairi yasiyozidi miaka 6.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha, kwa sababu jibu lake ni ndiyo, na kubwa.

Tafuta tela dogo la ekseli moja hapa Mwanza. Wenye boti za faiba upande wa Capri Point na Ilemela wanayo ya kuteremshia boti ziwani, na mashamba kadhaa yanayo ya kubebea majani. Zungumza na mwenye shamba akuruhusu kulifunga kwenye Hilux, likiwa tupu, ndani ya eneo la shamba, asubuhi kabla ya kazi. Usianze barabara ya Kisesa kwenda Igoma na daladala zikikupumulia mgongoni.

Anza kwa kurudi nyuma moja kwa moja, polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Shika usukani kwa chini kabisa kwa mkono mmoja. Unakotaka nyuma ya tela iende, peleka mkono huko: mkono ukienda kulia, tela linakwenda kulia. Ujanja huu unaiondolea akili kazi ya kugeuza geuza. Masahihisho yawe madogo na ya mapema. Ukiona tela limejaa kwenye saitimira moja, umechelewa. Simama, songa mbele mpaka linyooke, anza tena. Kusimama na kusonga mbele si aibu, hata kwenye mtihani kunaruhusiwa kwa kiasi, na dereva mzuri wa tela utamjua kwa jinsi asivyong'ang'ania kosa. Tela fupi linageuka upesi kuliko refu, kwa hiyo aliyezoea semitrela la mita kumi na mbili akija kwenye tela la farasi hutoka jasho.

Ukishanyoosha, ingia kona. Mtihani wa kule ni kona ya kushoto kwa sababu dereva wa kule anakaa kushoto na anaona upande huo dirishani kwake. Wewe kwenye Hilux unakaa kulia. Ukijizoeza kona ya kushoto hapa unajizoeza upande usiouona. Jizoeze kulia, macho na shingo vitakuwa vinafanya kazi ile ile, na ukifika Verden utageuza upande tu.

Jizoeze na kufunga, kwa mpangilio mmoja kila siku mpaka mikono ifanye yenyewe. Tela likae juu ya mpira, komeo likabane, kisha lile gurudumu dogo la mbele lizungushe kama unalinyanyua tela: gari likinyanyuka nalo kidogo, komeo limeshika, tela likichomoka, umegundua ukiwa uwanjani, si barabarani. Halafu waya wa kukatikia, ule unaofunga breki za tela lenyewe likichomoka. Kisha plagi ya umeme, gurudumu dogo kupandishwa na kukazwa, breki ya mkono ya tela kuachiwa, indiketa na taa za breki kuangaliwa na mtu wa pili. Kisha matairi. Matairi ya tela mara nyingi hupasuka kwa uzee yakiwa bado na meno mazuri. Angalia nyufa ubavuni. Kwenye tela la farasi ongeza jambo moja ambalo mtihani haukulazimishi sana lakini mimi nakulazimisha: inua zulia la mpira uangalie sakafu. Kama ni ya mbao, mkojo unaioza taratibu chini ya zulia, na farasi akitoboa ubao kwa mguu gari likiwa kwenye mwendo, hakuna simulizi mbaya kuliko hiyo bandani.

Breki za tela hizi ni za msukumo: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele na msukumo huo ndio unaofunga breki zake. Kwa hiyo ukikanyaga breki ghafla, farasi anapigwa mara mbili. Endesha kama mama amesimama nyuma ya gari na ndoo ya maji kichwani. Kunja kona ukiwa umeshapunguza mwendo, si unapokuwa ndani yake, na usiongeze mafuta mpaka tela nzima imetoka kwenye kona, kwa sababu farasi bado anatafuta mguu wa kusimamia wewe ukiwa tayari umenyooka. Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, usijaribu kulikimbia kwa mwendo.

Na farasi mwenyewe. Usidharau punda wako. Kama umewahi kumpandisha punda wa mkokoteni kwenye gari pale mnadani, unajua kwamba kumvuta kwa mbele hakusaidii na kumpiga nyuma kunaharibu. Tofauti ni kwamba punda akiogopa anagoma, anasimama kama jiwe. Farasi akiogopa anakimbia, na ana kilo 600 za kukimbia nazo. Huku ziwani hatuna farasi wengi, mojawapo ya sababu ikiwa ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, ambao punda wetu huubeba mara nyingi bila hata kuonyesha dalili. Kwa hiyo hutapata wa kujizoezea, lakini mpangilio unaweza kuushika kichwani tangu sasa.

Wakati wa kupakia: farasi anaingia, mwenzako anafunga kwanza ile boriti ya nyuma ya makalio, ndipo wewe unafunga kamba kichwani. Wakati wa kushusha: unafungua kamba kwanza, ndipo boriti ya nyuma inafunguliwa. Usigeuze kamwe. Farasi aliyefungwa kichwa huku nyuma kukiwa wazi atarudi nyuma, atahisi kamba imemkamata, atapigana nayo, na hapo ndipo watu wanapovunjika na wanyama wanapofia ndani ya tela. Unaponyanyua ule mlango wa nyuma unaotumika kama daraja, simama ubavuni, usisimame nyuma yake. Vaa glavu. Usizungushe kamba mkononi hata siku moja.

Ukimbeba farasi mmoja kwenye tela la wawili, Ujerumani anakaa upande wa kushoto. Barabara zimeinuka katikati na kuteremka pembeni. Kule unaendesha kulia, tela linaegemea kulia, kwa hiyo uzito unauweka upande wa juu, kushoto, nyuma ya dereva. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo hapa angekaa kulia. Wakiwa wawili, mzito ndiye anakaa upande huo wa dereva.

Mawili ya sheria za huko yanayowahusu wafanyakazi wa mabanda. Umoja wa Ulaya una kanuni namba 1 ya mwaka 2005 ya usafirishaji wa wanyama. Farasi wakisafirishwa kibiashara zaidi ya kilomita 65, msafirishaji anahitaji idhini, na dereva anahitaji cheti cha umahiri wa kusafirisha wanyama, tofauti na leseni. Mwenye farasi wake anayekwenda kutembea naye Jumapili haimhusu. Wewe uliyeajiriwa na banda linalofundisha na kuuza farasi inakuhusu. Muulize mwenye banda kama atakupeleka kwenye kozi hiyo. La pili: ukiona tela la farasi lina namba za kijani, limesamehewa kodi kwa masharti kwamba linabeba wanyama wa michezo. Rafiki akihama nyumba akakuomba ulitumie kubebea kabati na friji, mkatalie.

Sasa kabla ya kuweka sahihi, mwandikie mwenye banda barua fupi. Omba mkataba useme nani analipia B na nani analipia BE, na kama ni yeye, nini kinatokea ukiondoka kabla ya kumaliza hiyo miaka 3 ya mafunzo. BE anaitaka kwa kazi yake, kwa hiyo ni haki aichangie, na mabanda mengi hukubali yakiombwa mapema. Omba pia iandikwe kwamba hutavuta tela barabarani mpaka leseni itoke. Karatasi hiyo itakulinda siku atakapokuwa na haraka, na siku hiyo itakuja, maana mashindano yanaanza asubuhi na dereva wake mkubwa ataumwa.

D yako ikitimiza miaka 3 usiipandishe, lakini hakikisha haiishi muda kabla ya kuondoka. Leseni zetu sasa ni za miaka 5. Kama yako inaisha mwakani, ihuishe TRA mapema, kwa sababu leseni iliyokufa ukiwa Ujerumani inakunyang'anya ile miezi 6 na ile nafuu ya masomo kwa pamoja. Ukipata karatasi za gari na tela kutoka Verden, nitumie namba zilizoandikwa kwenye F.2 (kisanduku cha uzito ulioruhusiwa) na O.1 za gari, na F.2 ya tela, tuzipigie hesabu pamoja tuone kama kweli ni BE au B96 ingekutosha kuanzia.